Mfalme Mmoja, Viti Vitatu: Nani Hukaa Wapi Siku ya Kutawazwa Westminster

Kwenye hafla zetu msemaji hushika kipaza sauti, hutamka "itifaki imezingatiwa", na kazi imekwisha. Amejiokoa na kutaja majina thelathini kwa mpangilio, maana akiruka moja tu kuna mtu atanuna mpaka mwakani. Hakuna anayeuliza ni itifaki ipi hiyo iliyozingatiwa. Aliyepanga viti ndiye anayejua, na mara nyingi saa hiyo yuko nyuma ya ukumbi anatafuta viti vya plastiki vya kuongezea.

Tarehe 6 Mei 2023, Charles wa Tatu alipotawazwa ndani ya Westminster Abbey jijini London, watu wengi mitandaoni waliangalia viti kuliko taji. Mwanamfalme Harry kawekwa mstari wa tatu! Unyoya mwekundu wa kofia ya shangazi yake, Binti Mfalme Anne, umemziba uso! Karibu miezi minane kabla ya hapo, kwenye mazishi ya Malkia Elizabeth, mjadala ulikuwa wa aina hiyohiyo. Zilisambaa picha za viongozi wa Afrika, Rais Samia na Rais Ruto miongoni mwao, wakiwa ndani ya basi, na Joe Biden, ambaye aliruhusiwa kuja na gari lake, akaonekana mstari wa 14. Kila mtu alisoma tusi pale alipotaka kuliona.

Tatizo ni kwamba tunatazama viti vile kana kwamba ni foleni moja, wa mbele mkubwa na wa nyuma mdogo. Si foleni moja. Iko foleni ya ibada, iko ya dola, iko ya ukoo, iko ya mataifa, na zote zimebanwa ndani ya jengo moja la mawe. Mtu anaweza kuwa wa tano katika hii na wa kumi na sita katika ile, na siku yenyewe mpangaji ndiye anayeamua ni foleni ipi itakayotumika kwa kiti kipi. Ukishalijua hilo, mengi yanayoonekana ya ajabu yanapata maelezo.

Tuanze na mfalme mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee mle ndani ambaye kuhama kiti ni sehemu ya ibada.

Kwanza kuna jambo la kisheria ambalo huwachanganya hata Waingereza. Charles hakuupata ufalme tarehe 6 Mei. Alikuwa mfalme tangu 8 Septemba 2022, dakika ile mama yake alipokata roho. Mama yake naye alipata umalkia tarehe 6 Februari 1952 akiwa hukuhuku kwetu, Treetops karibu na Nyeri, juu ya mti, bila taji wala askofu, na kwa muda bila hata habari yenyewe. Kutawazwa kulifuata mwaka uliofuata. Kwa hiyo sherehe ya Westminster haimpi mtu ufalme. Inachofanya ni kuuweka ufalme ambao tayari anao mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi. Na mashahidi wanahitaji mahali pa kukaa.

Mfalme anapoingia hukaa kwanza kwenye kiti cha pembeni. Ni kiti cha heshima cha kawaida, kama kinaweza kuitwa cha kawaida: kilitengenezwa kwa ajili ya Elizabeth mwaka 1953, na mwaka 2023 Charles na mkewe Camilla wakakalia hicho na mwenzake. Hapo mfalme ni mtu aliyekuja kanisani. Anasikiliza masomo na nyimbo. Wakati wa upako ukifika anavuliwa joho la sherehe na mapambo, anabaki na shati jeupe tu, kisha anakwenda kwenye kiti cha pili.

Hicho cha pili ndicho Kiti cha Kutawazia, na ukikiona kwa karibu utashangaa. Ni cha mti wa mwaloni, kirefu, kimechongoka mgongoni kama dirisha la kanisa, na kimechakaa vibaya. Mfalme Edward wa Kwanza alikiagiza, kikatengenezwa kati ya mwaka 1300 na 1301. Dhahabu iliyopakwa na Walter wa Durham, mchoraji wa mfalme, imebaki kwa mabaka. Kwa karne nyingi hakikulindwa sana, hivyo wanafunzi wa shule ya jirani na wageni wakakata majina yao kwenye mbao kwa visu. Mmoja aliandika kwamba P. Abbott alilala kwenye kiti hiki tarehe 5 na 6 Julai 1800. Mwaka 1914 bomu lililotegwa na wanaharakati waliodai haki ya wanawake kupiga kura lilikimega kona. Na juu ya hicho ndipo anapokaa mtu mwenye dhahabu kuliko wote mle ndani.

Chini ya kalio la kiti kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo huwekwa jiwe la kilo 152. Wafalme wa Scotland walitawazwa kwa jiwe hilo mpaka Edward alipolipora mwaka 1296. Yaani Edward aliteka kiti cha jirani, kisha akakitengenezea kiti cha kukikalia. Waskoti hawakusahau. Krismasi ya 1950 wanafunzi wanne waliingia usiku wakaliiba, likapasuka vipande viwili mikononi mwao, na baadaye likapatikana. Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ililirudisha Scotland kwa sharti moja, kwamba lipelekwe London siku ya kutawazwa. Ndiyo maana Aprili 2023 jiwe lilisafirishwa kutoka ngome ya Edinburgh kwa ulinzi kama kiongozi wa nchi, likakaa chini ya Charles siku yake, likarudi kwao.

Jambo jingine ambalo kamera hulificha ni kwamba Kiti cha Kutawazia kinatazama madhabahu. Mgongo wake uko kwa watu. Kimewekwa katikati ya sakafu ya nakshi ya mawe ya rangi iliyotandazwa mwaka 1268, na anayekikalia anamwangalia Mungu na Askofu Mkuu wa Canterbury, hawaangalii wageni wake. Tena upako wenyewe haupaswi kuonekana kabisa. Mwaka 1953 walimfunika malkia kwa chandalua kilichoshikwa na mashujaa wanne, na televisheni ikageuza kamera pembeni. Mwaka 2023 walitumia kiwambo kilichotariziwa mti wenye majani 56, jani moja kwa kila nchi ya Jumuiya ya Madola. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwepo pale, zimeandikwa kwa uzi, karibu na mfalme kuliko rais yeyote aliyealikwa.

Akishavikwa taji la Mtakatifu Edward, la mwaka 1661, lenye uzito wa zaidi ya kilo mbili, anahamia kiti cha tatu. Hiki sasa ndicho kiti cha enzi. Alichokalia Charles kilitengenezwa kwa ajili ya babu yake George wa Sita mwaka 1937. Hapa ndipo anapokaa mtu anayetawala, na hapa ndipo wanapokuja kumpigia magoti.

Neno letu la kiti cha enzi lina historia yake. Msomaji wa Lamu au Unguja anajua kwamba huko pwani kiti cha enzi ni samani halisi: mbao nyeusi, mgongo ulionyooka, vipande vya pembe vilivyopachikwa, kamba zilizosukwa, na pa kuwekea miguu. Kilikaa katika nyumba za watu wakubwa na akiwekwa mgeni wa heshima juu yake, heshima ilikuwa ya mgeni. Westminster mambo ni kinyume. Kiti ni cha mwenyeji peke yake, na hata mke wa mfalme hakikalii kile cha kutawazia. Mwaka 1689 kanuni hiyo iliwaingiza mafundi kwenye shida, kwa kuwa William wa Tatu na mkewe Mary wa Pili walitawala wote wawili kwa pamoja, hakuna mkubwa wala mdogo. Kiti ni kimoja, watawala wawili. Ikabidi kitengenezwe kiti cha pili kwa ajili ya Mary. Bado kipo.

Sasa jengo. Westminster Abbey ina umbo la msalaba. Madhabahu iko mashariki, mlango mkuu magharibi, na pale mikono ya msalaba inapokutana ndipo hujengwa jukwaa la sherehe, ambalo Waingereza huliita kwa neno lilelile wanaloita jumba la tamthilia. Wanaokaa kwenye mikono miwili ya msalaba, kusini na kaskazini, wanaona karibu kila kitu. Wanaokaa kwenye ukumbi mrefu wa magharibi wana bahati nusu. Kati yao na jukwaa kuna ukuta wa mawe wenye mlango katikati, kisha viti vya kwaya. Msafara mzima unapita mbele ya pua zao, wanahesabu vifungo vya majoho, halafu unaingia kwenye uwazi ule na kutoweka. Mwalikwa wa huko alivaa suti mpya, alipekuliwa na polisi, alikaa masaa, na kuhusu taji lenyewe alitegemea masikio. Mwaka 1953 watu milioni 27 nchini Uingereza walitazama kwenye televisheni, na wengi wao waliona zaidi ya yule mwalikwa.

Kwa nini basi kuwe na watu wengi hivyo ndani? Jibu liko kwenye tendo la kwanza kabisa la sherehe, ambalo wengi hudhani ni salamu tu. Mfalme husimama jukwaani, akaonyeshwa kwa watu pande nne, mashariki, kusini, magharibi na kaskazini. Kila upande huulizwa kama unamkubali, nao hujibu kwa sauti kwamba Mungu amlinde mfalme. Mwaka 2023 waliomtangaza walikuwa Askofu Mkuu Justin Welby, Lady Elish Angiolini, Baroness Amos na Christopher Finney, ambaye ana nishani ya ushujaa. Bila watu pande zote nne, tendo hilo halina maana. Kwa hiyo mkono wa kaskazini na wa kusini haujazwi kwa sababu ya wingi wa wageni. Unajazwa kwa sababu lazima pawe na mtu wa kujibu kutoka kila pembe.

Na jibu hilo liliwahi kuleta maafa. Krismasi ya mwaka 1066, William wa Normandy alipokuwa anatawazwa hapohapo, watu waliulizwa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, wakaitikia kwa kelele. Askari wake waliokuwa nje hawakujua ni nini. Wakadhani ni fujo, wakaanza kuchoma nyumba za jirani. Watu wakatoka mbio kanisani kwenda kuzima moto, na mfalme akamaliziwa sherehe na wachache waliobaki.

Foleni inayozua kelele kuliko zote ni ya ukoo. Turudi kwa Harry. Siku ile alikuwa wa tano katika urithi wa kiti: kaka yake William, watoto watatu wa William, kisha yeye. Anne, shangazi yake, alikuwa wa 16. Kama viti vingefuata urithi, Harry angekuwa mbele na Anne ndiye angetafuta pa kuchungulia. Lakini safu za mbele zilipangwa kwa kazi. Walioketi mbele ni wale wanaoendelea kufanya shughuli za kifalme, na Harry alikuwa ameziacha tangu 2020. Mjomba? Hapana, baba yake mdogo, Andrew, naye aliwekwa mstari huohuo wa tatu kwa sababu hiyohiyo ya kutokuwa kazini. Ama ile kofia, Anne alikuwa amevaa sare za kijeshi kwa kuwa baada ya ibada alitakiwa kupanda farasi nyuma ya gari la mfalme. Unyoya ulikuwa sehemu ya sare. Kama mtu aliupanga mahali pale makusudi, basi alikuwa na uhodari wa kupima pembe kuliko mafundi wa kamera.

Hata mrithi wa pili, George, hukumwona kwenye safu ya familia muda wote. Alikuwa na umri wa miaka tisa na alikuwa kazini, mmoja wa watoto wanane waliobeba mapindo ya majoho, wajukuu wa Camilla wakiwemo. Foleni ya ibada ilimchukua kutoka foleni ya ukoo. Baba yake William alitoka kwenye kiti chake mara moja kwa jambo zito: akapiga magoti mbele ya kiti cha enzi, akaapa utii, akambusu baba yake shavuni. Mwaka 1953 aliyefanya hivyo wa kwanza baada ya maaskofu alikuwa Philip, mbele ya mkewe, kwa maneno yaleyale ya mtumishi kwa bwana wake. Kule juu, kwenye jukwaa la familia, alikaa mtoto wa miaka minne kati ya bibi yake na mama yake mdogo Margaret, amechoka, mkono shavuni. Huyo ndiye Charles.

Wapo pia ambao kiti chao hakikupatikana kabisa. Mtu aliyekuwa mfalme akajiuzulu anakaa wapi mrithi wake anapotawazwa? Hakuna foleni inayomtambua. Edward wa Nane, aliyeacha kiti mwaka 1936, hakuwepo 1937 wala 1953. Ya mpwa wake aliitazama kwenye televisheni huko Ufaransa.

Kisa kichungu zaidi ni cha Malkia Caroline. Mumewe, George wa Nne, alikuwa hamtaki na alikuwa amejaribu kumtaliki kwa njia ya bunge akashindwa. Asubuhi ya tarehe 19 Julai 1821 Caroline alifika mlangoni akiwa na Lord Hood na wapambe wake. Mlinzi akaomba tiketi. Lord Hood akasema huyu ni malkia wako. Mlinzi akasema bila tiketi haingii mtu. Mfalme alikuwa amekodi mabondia, akawavisha mavazi ya watumishi wa kifalme, wakalinda milango. Caroline akaenda mlango mwingine, na mwingine, watu wanatazama, wengine wanamzomea. Akarudi nyumbani. Kabla ya wiki tatu kuisha alikuwa amefariki. Kwa sheria alikuwa malkia kamili, kama vile mumewe alivyokuwa mfalme kamili hata kabla ya taji. Alichokosa ni kiti.

Malodi, yaani makabaila wenye vyeo, nao wana hadithi yao, na kwao mabadiliko ni makubwa kuliko kwa yeyote. Mwaka 1953 kanisa lilifungwa miezi mitano ili mafundi wajenge majukwaa ya mbao mpaka karibu na madirisha, na ndani wakaingizwa watu 8,251. Malodi wanaume walijaza mkono wa kusini, wake zao na malodi wanawake mkono wa kaskazini. Walipangwa kwa daraja, maduke mbele na mabaroni nyuma, na ndani ya daraja kwa tarehe ambayo ukoo ulipata cheo. Baroni ambaye babu wa babu yake alipewa cheo mwezi mmoja kabla ya jirani yake alikaa mbele ya jirani yake. Walikuja alfajiri, wamevaa majoho ya manyoya mwezi Juni, na kila mmoja na kijitaji chake mkononi, ambacho hukiweka kichwani sekunde ileile mfalme anapovikwa lake. Inasimuliwa kwamba wengi waliweka mikate yao ya kula ndani ya vijitaji hivyo. Naiamini. Mtu wa miaka sabini akikalishwa masaa saba hawezi kuishi kwa heshima peke yake. Mwaka 1838, siku ya Victoria, kikanisa cha nyuma ya madhabahu kilikutwa na sahani za vyakula na chupa za mvinyo juu ya altare yake.

Siku hiyohiyo ya 1838 mzee Lord Rolle, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, alipanda ngazi kwenda kuapa utii, akateleza, akabingirika mpaka chini. Victoria, msichana wa miaka 19, aliinuka kwenye kiti cha enzi akashuka hatua chache amfuate mzee. Hakuna itifaki iliyomruhusu.

Mwaka 2023 walialikwa watu wapatao 2,200. Majukwaa hayakujengwa, na malodi walioingia walikuwa wachache. Tangu 1999 wengi wa malodi wa kuzaliwa walikuwa wameondolewa bungeni, kwa hiyo foleni yao ilikwisha kudhoofika katika dola kabla ya kukatwa kanisani. Walinung'unika sana. Nafasi yao ilichukuliwa kwa sehemu na watu 450 wenye nishani za huduma kwa jamii, wale wanaopika chakula cha wasiojiweza na kuendesha vikundi vya vijana. Viongozi wa dini nyingine nao walipata kazi ndani ya ibada, siyo viti tu. Malodi wa Kihindu, Kiislamu, Kiyahudi na Kisikh walimletea mfalme baadhi ya vifaa vya kifalme, na Rabi Mkuu, kwa vile ilikuwa Jumamosi, alikaribishwa na mfalme kulala karibu ili afike kwa miguu bila kuvunja Sabato. Salamu za viongozi wa dini zilitolewa bila kipaza sauti kwa ajili yake.

Ikabaki foleni ya mataifa. Hii imemwaga damu. Tarehe 30 Septemba 1661, London hiyohiyo, balozi mpya wa Sweden alikuwa anapokewa, na magari ya mabalozi yalitakiwa kufuatana. Wa Hispania na wa Ufaransa kila mmoja alidai kutangulia. Wahispania walikuwa wamejiandaa: hatamu za farasi wao walizitia minyororo ya chuma ndani ya ngozi, zisiweze kukatwa. Watu walikufa, farasi wa Wafaransa wakauawa, gari la Hispania likatangulia. Louis wa Kumi na Nne alitishia vita mpaka Hispania ikakubali kutoshindana tena.

Dawa ilipatikana polepole. Mkutano wa Vienna wa 1815 uliamua mabalozi wapangwe kwa tarehe waliyofika kazini, na mkataba wa Vienna wa 1961 ukaendeleza hivyo. Ukubwa wa nchi haumo. Balozi wa nchi ndogo aliyefika 2015 yuko mbele ya balozi wa nchi kubwa aliyefika 2020. Ndiyo maana mtu akiniambia Biden alidharauliwa kwa kuwekwa mstari wa 14, namwambia alikuwa mgeni katika msiba wa jirani. Waliotangulizwa walikuwa wawakilishi wa nchi za Jumuiya ya Madola, hasa zile ambazo marehemu alikuwa malkia wao. Katika msiba wa kwetu, jirani tajiri anakaa baada ya wajomba. Basi nalo lilitokana na hesabu: wageni wakubwa karibu 500, magari 500, na barabara nyembamba za Westminster.

Kwa wafalme wenzake, Uingereza ilikuwa na ufumbuzi mkali zaidi: hawaalikwi. Kwa karne nyingi wafalme wa nchi nyingine walituma wana wao au ndugu zao, ili siku ya kutawazwa asikae mfalme wa pili akihitaji kiti cha hadhi sawa. Mwaka 1953 waliokuja wenyewe walikuwa watawala waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, kama Malkia Salote wa Tonga, aliyependwa na London nzima kwa kukataa kufunika gari lake mvua ikinyesha. Charles aliuacha utaratibu huo, wakaja wafalme wa Hispania, Uholanzi, Ubelgiji, Sweden, Lesotho na wengineo. Rais wa Marekani hajawahi kuja hata mmoja. 2023 alikuja Jill Biden.

Afrika Mashariki iliwahi kuonja foleni hiyo mapema. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, alisafiri na karani wake Ham Mukasa kwenda kutawazwa kwa Edward wa Saba. Siku iliyopangwa ilikuwa 26 Juni. Siku mbili kabla, mfalme akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Wageni wengi wakubwa wa Ulaya, waliokwisha kupewa nafasi zao, wakarudi makwao. Sherehe ilifanyika 9 Agosti, na mpango wote wa viti ulikuwa umepanguka na kupangwa upya. Siku yenyewe Askofu Mkuu Frederick Temple, mwenye miaka 80 na macho mabovu, alimvika mfalme taji mbele nyuma, kisha akapiga magoti akashindwa kuinuka. Mfalme aliyetoka kupasuliwa ndiye aliyemshika mkono akamwinua. Ham Mukasa aliandika habari za safari yao kwa Kiganda, na kwa jicho la mtu aliyetoka kwenye kasri yenye itifaki zake ngumu, hakuna kilichompita.

Nani basi hubeba lawama zote hizi? Ni Earl Marshal, mpangaji mkuu wa sherehe za dola, kazi ambayo tangu 1672 hurithiwa na ukoo wa maduke wa Norfolk. Ukoo huo ni wa Kikatoliki, na sherehe wanayoipanga inamwapisha mfalme kulinda Uprotestanti. Hawajaona tatizo. Kuna pia ofisi inayosikiliza madai ya watu wanaosema ukoo wao una haki ya kufanya jambo fulani siku hiyo. Ukoo wa Dymoke, kwa mfano, ulikuwa na haki ya kuingia karamuni kwa farasi, mwenye chuma mwili mzima, na kumpa changamoto yeyote anayempinga mfalme. Mara ya mwisho walifanya hivyo 1821. Karamu haipo tena, farasi hayupo tena, ila mwaka 2023 mtu wa ukoo huo alipewa bendera ya kifalme aibebe. Haki ilitafutiwa mahali pengine pa kukaa.

Baada ya sherehe ya 1953 wageni waliruhusiwa kununua viti na vigoda walivyokalia, na mpaka leo vinauzwa minadani, mahameli ya buluu na herufi za malkia kwenye kona. Mwaka 2023 vilitengenezwa viti 100 vya namna hiyo, ili baadaye viuzwe kwa ajili ya misaada. Watalii wakaruhusiwa kwa wiki chache kukanyaga sakafu ile ya 1268, kwa soksi tu. Jiwe lilirudi Scotland, na tangu 2024 liko katika makumbusho ya Perth. Kiti cha Kutawazia kilirudishwa kwenye kikanisa chake karibu na mlango wa magharibi, upande uleule walikokaa waalikwa ambao hawakuona kitu. Kiko nyuma ya kizuizi, nafasi iliyo chini yake ni tupu, na ukiinama kidogo utaona majina yaliyochongwa na watu ambao hakuna aliyewaalika.